Bei ya Wastani: Usikimbilie Kugawa kwa Mbili

(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kwenye palizi.)



Leo sina siasa. Nimeomba dakika chache nizungumzie hesabu, maana kuna hesabu moja inatula polepole na sisi hatuna habari.

Mnayakumbuka yale mahindi ya chama. Wakati wa mavuno tulinunua magunia 10, kila gunia Sh. 60,000. Baadaye bei ilipopanda tukaongeza magunia 40 kwa Sh. 90,000. Akaja mnunuzi wa kupeleka Sirari, akatoa Sh. 80,000. Kamati ikakaa. Tukasema 60,000 na 90,000 ni 150,000, gawa kwa mbili, 75,000. Basi kila gunia lina faida ya 5,000, uza! Tukauza. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi.

Sasa hebu tuhesabu upya. Magunia 10 yalikula Sh. 600,000. Magunia 40 yalikula Sh. 3,600,000. Jumla ni Sh. 4,200,000 kwa magunia 50. Gawa. Kila gunia lilitugharimu Sh. 84,000, siyo 75,000! Tulipoteza Sh. 4,000 kila gunia, yaani Sh. 200,000 kwa yote. Hakuna aliyeiba. Tulizitupa wenyewe kwa kuyafanya magunia 10 yawe na uzito sawa na magunia 40.

Nimeyasema haya kwa sababu ya mzee mmoja wa darasa letu la watu wazima. Alikuja na karatasi zake za hisa za benki ya CRDB. (Herufi hizo zinatokana na jina lake la zamani, Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, kwa hiyo si mgeni kwetu wanaushirika.) Mwaka 2009 benki hiyo ilipouzia wananchi hisa, bei ilikuwa Sh. 150. Mzee akanunua 1,000. Mwaka 2015 benki ikawapa wenye hisa nafasi ya kununua hisa mpya moja kwa kila tano walizo nazo, kwa Sh. 350. Mzee akachukua 200 zake. Miaka yote hiyo amekuwa akiwaambia wanawe kwamba kila hisa ilimgharimu Sh. 250, na wao wamekuwa wakimlaumu kwa kununua ghali.

Ni kosa lile lile la mahindi, ila hapa limegeuka upande wa pili. Tuliandika ubaoni:

Hisa 1,000 kwa Sh. 150 = Sh. 150,000
Hisa 200 kwa Sh. 350 = Sh. 70,000
Jumla hisa 1,200 = Sh. 220,000

Gawa 220,000 kwa 1,200, unapata Sh. 183 na senti 33. Mnaona? Bei ya sokoni ikiwa Sh. 220, mzee angedhani anapoteza 30 kwa kila hisa, kumbe anapata zaidi ya 36. Alitazama ubao muda mrefu, kisha akaomba tumwandikie kwenye karatasi akawaonyeshe vijana nyumbani.

Kuna mama akauliza, je, akiuza chache? Swali zuri. Tuseme anauza 300. Zinabaki 900, na kila moja bado inahesabiwa Sh. 183.33, yaani Sh. 165,000 kwa zote. Kuuza hakubadilishi wastani wa zile zilizobaki. Kununua nyingine ndiko kunakoubadilisha. Na ukinunua kwenye soko la hisa kupitia dalali, ada yake uiongeze kwenye fedha uliyotoa kabla ya kugawa, kama tunavyoongeza nauli ya lori kwenye mahindi. Ukiuza kwa dalali, ada ya kuuza nayo uitoe kwenye ulichopata.

Ila nisieleweke vibaya. Wastani hausemi bei itapanda au itashuka. Mwaka 2019 hisa hizo hizo zilishuka hata chini ya Sh. 150 za mwanzo, na aliyekuwa na shida ya ada za shule wakati ule aliumia, hesabu ajue asijue. Wastani unakuonyesha tu mahali ambapo hasara inaanzia.

Kwa hiyo tafuteni karatasi zenu, hata zilizoliwa na panya kidogo. Kila mara uliponunua, andika mwaka, idadi, bei na ada. Marehemu akiwa ameacha hisa, mjane aje nazo yeye mwenyewe, asimtume shemeji. Tutahesabu Alhamisi saa kumi jioni darasani. Na kamati ya chama nayo ije na daftari la mahindi ya msimu huu, kabla hatujamjibu mnunuzi.

Katibu wa Chama, Tawi