Paa la mimea na nafasi ya mvua ijayo

Maelezo kwa wakazi wa Olenguruone, Kaunti Ndogo ya Kuresoi Kusini



Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, paa hilo humwaga takriban lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ukijumlisha nyumba zote za mtaa, utaelewa kwa nini mitaro hufurika kabla mvua haijakatika.

Katika miji mingi duniani, maji hayo hupunguzwa kwa kupanda mimea juu ya paa la zege. Chini huwekwa tabaka lisilopenyeza maji, kisha tabaka la kupitisha maji ya ziada, halafu udongo mwepesi wenye mimea mifupi.

Lakini udongo ulioshiba ni kama tangi lililojaa. Mvua ya pili ikija usiku huohuo, karibu yote hutiririka. Kwa hiyo ubora wa paa la mimea hautokani na unene wa udongo peke yake. Muhimu pia ni kasi ya kurudisha nafasi.

Nafasi hurudi kwa hatua mbili. Kwanza, kwa muda wa saa kadhaa, maji yaliyo katika matundu makubwa ya udongo hushuka na kutoka. Yale yaliyoshikwa katika matundu madogo hayashuki. Hukaushwa na jua na upepo, na hunywewa na mizizi ambayo huyapandisha hadi kwenye majani, yakatoka kama mvuke. Mimea ikifa, kazi hiyo huzorota.

Chukua mfano wa udongo unaoshika milimita 20. Siku za jua, ukipoteza milimita 3 kwa siku, nafasi yote hurudi kwa takriban wiki moja. Siku za baridi na ukungu, ukipoteza milimita moja tu, zitapita siku 20.

Olenguruone ni nyanda za juu zenye baridi, na msimu wa masika mvua hufuatana. Hapa paa la mimea haliwezi kutegemewa peke yake. Linahitaji tangi na mitaro iliyozibuliwa. Tena maji ni mazito: milimita 20 huongeza kilo 20 kwa kila mita ya mraba. Asiweke mtu udongo juu ya mabati na mbao za kawaida bila ushauri wa mhandisi.

Kanuni hiyohiyo inatawala shamba. Msitu wa Mau, chimbuko la mito ya Mara, Sondu na Njoro, hupokea mvua kwa sababu mizizi hufungua udongo na kuukausha tena kati ya mvua moja na nyingine. Shamba lililoachwa wazi baada ya kuvuna viazi, likakanyagwa na mifugo, huziba matundu yake. Mvua hupita juu na kuondoka na udongo wenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, katika kaunti hiihii ya Nakuru, maji yaliyokuwa yamekusanyika penye reli yalifumuka na kuua makumi ya watu Mai Mahiu. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa. Ardhi iliyoshiba haisamehi.

Basi, kabla ya masika, kila boma litumie au lipunguze maji ya tangi ili kuwe na nafasi, na lizibue mitaro. Shamba lisiachwe tupu: panda nyasi za mifugo kwenye kingo za matuta, na uache miti ya kando ya mto isimame. Mmea ulio hai leo ndio unaotayarisha nafasi ya mvua ya wiki ijayo.