HOTUBA YA MWENYEKITI: ELIMU YA BUSTANI NA SISI AKINA MAMA



Kamati ya sherehe ilinitaka nieleze kikundi kilivyoanza. Hayo katibu ameyaandika vizuri kuliko mimi, mtayasoma. Mimi nimeomba niseme habari ya elimu ya bustani, maana hisa zetu nyingi zimetoka kwenye matuta ya mboga, na leo nina jambo la kuweka mbele yenu.

Bibi zetu walilima mnavu, mgagani, majani ya kunde na maboga bila semina ya mtu. Mbegu walizitunza wenyewe. Wakati wa mkoloni mabwana shamba walikuja, lakini walizungumza na baba, kwa sababu habari ilikuwa pamba na kahawa. Miaka ya 1950 vilabu vya akina mama navyo vilifundisha kushona, kupika na usafi wa nyumba. Jembe ambalo mama alilishika kila siku halikuwa somo lake.

Na msidhani ni huku kwetu tu. Kule Uingereza chuo cha bustani cha Swanley kilifunguliwa mwaka 1889 kwa ajili ya wanaume, wanawake wakaanza kupokelewa 1891. Mwaka 1896 bustani kubwa ya Kew, London, ikaajiri wasichana waliosoma hapo, wakatakiwa wavae kama watunza bustani wa kiume! Binti yangu aliponisomea hayo nilicheka sana. Kumbe na wenzetu walisukumana mlangoni.

Kwetu mlango ulifunguka baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima. Ikaja kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, halafu Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, kijitabu mkononi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kutenda. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini namkumbuka mama akirudi kutoka kikundini na kupima tuta nyuma ya jiko kwa hatua zake. Chakula chake kilikuwa kimeitwa elimu! Novemba 1974 likapita Azimio la Musoma, hapa hapa mkoani kwetu, la elimu ya msingi kwa wote. Mimi ni tunda la azimio hilo: darasa la saba, basi. Shuleni bustani ilikuwepo. Wasichana tulichota maji, wavulana wakafundishwa kupima mistari.

Jambo lingine linanikera. Masomo mengi yalikuwa ya kabichi na karoti, na mnavu ukaitwa magugu. Leo kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha tangu 1992 kinatunza mbegu za mnavu, mgagani na mchicha, wataalamu wanaziandikia vitabu. Bibi angesikia!

Sasa nije kwetu. Tuna bwawa la Manchira na soko la Mugumu. Tembo wakitoka hifadhini wanaijua bustani iliyolimwa vizuri, hao hawahitaji mafunzo. Lakini adui mkubwa amekuwa kantangaze. Aliingia nchini mwaka 2014, na alipofika kwenye nyanya zetu kila muuza dawa alituuzia ya kwake. Bwana shamba ni mmoja, vijiji vingi, na mdudu hangoji pikipiki ipate mafuta. Wanachama walikopa kwenye kasha kununua dawa, wakarejesha mkopo kwa kuuza mbuzi.

Ndiyo maana naleta ombi. Kabla ya mgawo wa mwaka huu tutenge fedha tumsomeshe binti mmoja wa wanachama kilimo cha bustani katika chuo cha Tengeru, Arusha, kwa makubaliano kwamba akimaliza arudi atufundishe. Nimesikia manung'uniko: kwa nini jasho langu lisomeshe mtoto wa mwingine? Haki yenu kuuliza. Lakini pigeni hesabu ya nyanya zilizooza msimu mmoja tu, halafu mniambie ada ipi ni kubwa.

Waume zetu, nanyi nina neno. Mboga ikiwa ya kula, bustani ni ya mama. Nyanya zikipanda bei, inaitwa shamba la baba. Wanachama watatu wameacha kununua hisa kwa sababu hiyo, siwataji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na hati ya kimila inaweza kubeba majina ya wote wawili. Ofisi ya kijiji iko pale, nendeni pamoja.

Kura itapigwa Jumamosi ijayo baada ya kununua hisa. Wenye funguo tatu za kasha wafike mapema.