Dripu Inayodondoka Polepole



Mwezi uliopita mama mdogo wangu alinipigia simu usiku, sauti imemkauka. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa amelazwa, homa kali, degedege limempata njiani. Nikamuuliza kama wanamhudumia. "Wanamhudumia nini, mwanangu? Sindano wamemchoma, oksijeni wamemwekea, lakini dripu yenyewe tone moja, unangoja, tone jingine. Nimewaomba waifungulie, wamekataa. Hebu mpigie mtu unayemjua."

Sikumlaumu. Kwetu mgonjwa hajatibiwa mpaka atundikiwe chupa. Ukienda kumjulia hali mtu, swali la kwanza ni amewekewa ngapi. Ukiambiwa tatu, unatikisa kichwa: huyu alikuwa mahututi, na hospitali imehangaika naye. Dawa humezwa ikapotea machoni. Dripu inaning'inia pale juu, kila anayeingia wodini anaiona ikifanya kazi.

Na imani hiyo si ya mama mdogo peke yake. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba ya dharura vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vilisema hivyo hivyo kwa lugha ya kisomi. Mtoto akiletwa na homa, mikono na miguu baridi, mapigo ya moyo mbio na dhaifu, pumzi za kuhema, ameingia kwenye mshtuko: damu haizunguki vya kutosha. Basi mjaze maji kwenye mshipa, haraka, chini ya saa moja. Ukiwaza tu, hoja haina kasoro. Bomba likikosa maji, si unaongeza maji?

Hospitali nyingi za wilaya huku kwetu hazikuwa zikifanya hivyo. Hazikuwa na mashine za kupumulia wala chumba cha watoto mahututi, na zilidondosha maji polepole, kiasi cha mahitaji ya mwili tu. Wageni wengi waliitazama desturi hiyo kama alama ya umaskini, jambo la kurekebishwa siku fedha zikipatikana.

Mwaka 2009 ndipo jambo hili lilipopimwa. Jaribio liliitwa FEAST, likiongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, Kenya. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi yenyewe, Teule ya Muheza hapa Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilipewa albumini, maji yenye protini ya damu, haraka haraka, la pili maji ya chumvi kwa kasi hiyo hiyo, la tatu likabaki na matone ya polepole. Wote walipata antibiotiki na huduma nyingine sawasawa, na waliokuwa na malaria wakapata dawa zake. Kiasi chenyewe kilikuwa mililita 20 kwa kila kilo ya mtoto, baadaye kikapandishwa hadi 40. Kwa mtoto wa kilo kumi, kile cha kwanza ni kama glasi moja ya maji.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikipitia takwimu faraghani ilishauri jaribio lisimamishwe kabla idadi iliyokusudiwa haijatimia. Waliowekewa albumini haraka walikuwa 1,050, na ndani ya saa 48 walikufa 111. Wa maji ya chumvi walikuwa 1,047, wakafa 110. Wa matone ya polepole walikuwa 1,044, wakafa 76.

Naomba nirudie, maana redio haina ukurasa wa kurudi nyuma. Mia moja na kumi na moja. Mia moja na kumi. Sabini na sita.

Kilichonikosesha usingizi hasa ni uchambuzi uliofuata. Saa moja baada ya kujazwa maji, watoto wale walionekana nafuu zaidi ya wenzao: dalili za mshtuko ziliwapungukia wengi zaidi. Daktari aliyesimama kitandani aliona kwa macho yake mikono inapata joto, akaandika kwenye faili kwamba hali inaendelea vizuri, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Baadaye, kwa baadhi yao, moyo na mishipa vikashindwa. Hata angefanya kazi hiyo miaka thelathini asingegundua, kwa sababu kila siku macho yake yangemwambia kwamba anaokoa. Watoto watatu zaidi katika kila mia hawaonekani wodini. Wanaonekana kwenye daftari pekee, tena daftari lenye kundi la kulinganisha.

Najua kuna wanaouliza kwa hasira: kwa nini watoto wetu? Swali ni halali na halistahili kujibiwa kwa kiburi cha kisomi. Nimepiga hesabu kwa kalamu. Kama makundi yale mawili yangepata matone ya polepole, huenda watoto kama 70 wangetoka hospitalini wakiwa hai. Wazazi waliombwa ridhaa ya mdomo pale pale mlangoni pa dharura, maelezo kamili na saini vikaja mtoto akishatulia. Hilo nalo lina mjadala wake. Lakini bila jaribio, mafunzo na fedha zingefika na zile chupa zingefunguliwa katika kila wilaya, na hakuna ambaye angehesabu.

Sasa usinisikie vibaya, msikilizaji. Mtoto anayeharisha, mwenye kipindupindu, aliyeungua au aliyepoteza damu hakuwamo katika jaribio hilo. Hao ni habari nyingine kabisa, na maji kwao ni uhai. Asitoke mtu hapa akamnyima mtoto wa kuhara maji kwa sababu amenisikia mimi.

Dawa za majeraha nazo zina kisa chao. Kwa miongo kadhaa waliogongwa kichwani walichomwa steroidi ili kupunguza uvimbe wa ubongo. Jaribio la CRASH lilisimamishwa mwaka 2004 baada ya kuandikisha watu 10,008: waliopewa steroidi walikufa asilimia 21, wasiopewa asilimia 18. Kisha wenzao wa CRASH-2 wakajaribu asidi traneksamiki, dawa ya bei ndogo ya kupunguza kuvuja damu, iliyovumbuliwa Japani na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto. Ukimchoma majeruhi anayevuja damu, hakuna unachokiona. Hainuki, haachi kugugumia. Lakini mwaka 2010, kwa majeruhi zaidi ya 20,000, vifo vilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14.5. Sharti lake ni muda: ndani ya saa tatu tangu kuumia. Zikipita, inaweza hata kudhuru.

Saa tatu hizo zinaanza kuhesabiwa kando ya barabara, bodaboda ikiwa bado inazungusha tairi hewani. Nusu saa inaishia kutafuta gari la kujitolea. Kisha kuna ile sauti isiyokosekana kwenye kundi la watu: "Mpelekeni kwanza polisi mkachukue PF3." Karatasi ile ya polisi ina kazi yake mahakamani, ila majeruhi huyu anavuja.

Turudi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani lilisubiri hadi 2016 kutoa mwongozo uliobadilika waziwazi: mtoto mwenye homa na dalili chache tu za mzunguko hafifu asijazwe maji haraka, na hata aliyefikia mshtuko kamili apewe kwa kiasi na kwa uangalizi. Miaka mitano tangu jaribio lisimamishwe. Mwaka 2017 watafiti wa Lusaka nao wakatoa matokeo ya watu wazima wenye maambukizi makali ya damu na presha iliyoshuka: waliopewa mpango wa kuongezewa maji na kupandishiwa presha mapema walikufa asilimia 48, waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.

Mjukuu wa mama mdogo alitoka siku ya tano, anadai chapati. Nilikwenda kumchukua. Nikiwa nangoja kadi ya ruhusa nilimwona muuguzi wa zamu ile ya usiku, nikampa ahsante kwa kukataa kufungulia dripu. Akacheka, akasema nusu ya kazi yake ni kubishana na mabibi. Nyuma yake ukutani palibandikwa chati ya dharura za watoto, karatasi imepauka kwa jua. Nikasogea kusoma mwaka wake. Kona ya chini ilikuwa imechanika, na kiasi cha maji kilikatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni mtu ameandika kingine kwa mkono.