Mtoto Afuataye Wazazi Ng'ambo

Leo twataka kunena habari ya jambo liwapatalo watu wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni kama liwapatavyo watu wa pwani. Mama au baba amekwenda ng'ambo kufanya kazi, na mtoto ameachwa kwa bibi yake. Miaka yapita, mzazi amepewa ruhusa ya kukaa huko, na sasa ataka mtoto wake amfuate. Wengi hudhani kwamba kazi yote ni ya ubalozi, Dar es Salaam. Sivyo. Kazi huanza nyumbani, tangu siku ile mtoto azaliwapo.

Wazee wa Ugogo walihesabu miaka kwa njaa na kwa mvua. Mtu aliyesema kuwa alizaliwa kabla ya Mtunya, ile njaa kuu ya miaka ya 1917 hata 1920, alieleweka na kijiji kizima. Hesabu hiyo yawatosha majirani. Lakini ofisa wa ng'ambo hamjui bibi, wala habari za njaa hiyo hazijui. Yeye husoma karatasi: jina la mtoto, siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa kwake, na majina ya wazazi wake.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa, kitolewacho na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, katika ofisi zake za wilaya. Yafaa mtoto aandikishwe katika siku 90 za kwanza. Aliyechelewa bado aweza kuandikishwa, ila ataulizwa ushahidi zaidi, kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au hati ya shule. Tena majina yalingane. Ikiwa cheti chasema Matonya, na pasipoti ya baba yasema Matonia, herufi moja yaweza kuleta maswali mengi. Baada ya cheti, mtoto apatiwe pasipoti yake mwenyewe kutoka Idara ya Uhamiaji.

Sasa tutwae Uingereza kuwa mfano. Kwanza mzazi aulize, Je, ruhusa yangu yaniwezesha kumleta mtoto? Maana si kila ruhusa ni sawa. Kwa mfano, watunzaji wa wazee na wagonjwa walioomba viza zao tangu tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kufuatwa na watoto. Lakini mzazi aliyekwisha kupewa haki ya kukaa daima aweza kuombewa mtoto wake, iwapo mtoto huyo hajatimiza miaka 18, hajaoa wala kuolewa, na hajaanza kujitegemea. Umri huo huhesabiwa siku maombi yapelekwapo. Basi mwenye kungoja mpaka mtoto amalize shule aweza kukuta mlango umekwisha kufungwa.

Ikiwa mzazi mmoja yuko Uingereza na mwingine yuko hapa, yule wa huko kwa kawaida hana budi kuonyesha kwamba yeye peke yake ndiye mwenye kubeba mzigo wa malezi, na ndiye akataye shauri juu ya shule na afya ya mtoto. Kwa hiyo bibi na atunze risiti za ada, barua, na habari za fedha zilizotumwa kwa simu. Karatasi ambayo leo yaonekana takataka, kesho yaweza kuwa shahidi. Tena mtoto atokaye Tanzania kwenda kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita hupimwa kwanza kifua kikuu.

Liko jambo moja la hatari. Katika desturi zetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu, na hapana aibu katika neno hilo. Lakini mtu akimwandika katika fomu kuwa amemzaa mwenyewe, sheria itauita uongo, na uongo huo waweza kumfungia mlango hata mtoto wa kuzaliwa. Heri aseme wazi, Huyu ni wa ndugu yangu, nami namlea, kisha aulize njia ya sheria.

Ukweli una nguvu. Mvulana mmoja mwenye asili ya Ghana alirudi Uingereza kwa mama yake, na maofisa wakashuku kwamba si mwanawe. Mnamo mwaka 1985 mtaalamu Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester akapima damu, akaonyesha kwa alama za urithi kwamba ni mama na mwana kweli. Shauri likaondolewa, mtoto akabaki kwa mamaye. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kipimo hicho kilipokata shauri la namna hii.

Na mwombaji asijione mnyonge. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, waagiza kwamba maombi ya mtoto na mzazi kuungana yatazamwe kwa utu na bila kukawia. Ahadi hiyo haimpi kila mtu viza, lakini yampa haki ya kusikilizwa vema.

Basi, ndugu zetu, andikisheni watoto mapema, semeni kweli, wala msingoje mwaka wa mwisho.