Ndoo Inayorudi Nyumbani: Mkate wa Mtindi kwa Moto wa Mkaa

Mazungumzo haya tuliyatoa kwa vikundi vya wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa.

Tumeombwa tuzungumze juu ya mkate. Lakini kabla ya mkate tuzungumze juu ya ndoo inayorudi nyumbani.

Kila mfugaji hapa anaifahamu ndoo hiyo. Umekamua alfajiri, umebeba lita 6 mpaka kituo cha kukusanyia maziwa, njia ni tope tupu, gari limechelewa. Mpokeaji anachota maziwa kidogo, anayachanganya na spiriti kiasi kilekile katika kichupa, anatikisa. Yakionyesha chembechembe anasema yarudi. Hakuonei. Maziwa yaliyoanza kuchacha yakichemshwa kiwandani hukatika, na yataharibu ya wenzako wote yaliyomo katika tangi. Lakini wewe unarudi na ndoo yako, na ndani ya ndoo hiyo kulikuwa na sabuni, mafuta ya taa na daftari za watoto. Wengine humpa nguruwe. Wengine humwaga mgombani.

Kwanza tukubaliane juu ya neno. Tunasema maziwa "yameharibika" tunapomaanisha mambo mawili yasiyofanana. Maziwa yanayochacha yana vijidudu vinavyokula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Asidi ikizidi, maziwa yanaganda. Hiyo ndiyo mtindi, na watu wetu wameitegemea tangu zamani. Wamaasai hufukiza vibuyu vyao kwa kijinga cha mti wa mzeituni wa porini kabla ya kutia maziwa. Wakalenjin wa Kenya wana mursik yao, ile ambayo wanariadha hunyweshwa wakirudi na medali. Hakuna anayesema maziwa hayo yameharibika. Maziwa yaliyooza ni jambo jingine: yana uchungu, yananuka, yanavutika kama uzi, au yana rangi ya waridi au kijani. Hayo mwageni bila kujuta.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo afya ya nyumba inapolindwa. Mtindi wa kunywa utengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa. Chemsha, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana, funika, funga sufuria katika blanketi kwa sababu ya baridi yetu ya huku milimani, na kesho asubuhi yameganda. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, ule ugonjwa unaomfanya ng'ombe atupe mimba na kumletea mtu homa isiyokwisha na maumivu ya viungo. Watu wengi wanaamini kwamba uchachu unaua magonjwa hayo. Msiutegemee. Moto ndio unaoua.

Na ndoo iliyorudi kituoni je? Hiyo ni maziwa mabichi yaliyokwisha kuanza kuchacha. Ukiyachemsha yanakatika, kwa hiyo huwezi tena kuyafanya mtindi mzuri wa kunywa. Wengi wenu mmetuambia kwamba hapo ndipo mnapokata tamaa. Sisi tunasema: yaacheni yaendelee kuchacha mpaka jioni katika chombo safi kilichofunikwa, halafu yaende kwenye unga. Mkate ukiiva vizuri, katikati yake hupata moto unaokaribia ule wa maji yanayochemka, na moto huo unatosha kabisa kuua vijidudu vya magonjwa tuliyoyataja. Sharti ni kwamba hakuna mtu, wala mtoto, anayeonja unga mbichi, na kwamba mikono na vyombo vinaoshwa kwa sabuni baada ya kukanda.

Yako maziwa ambayo hata mkate hauwezi kuyaokoa. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yana mabonge au damu, na vijidudu vya ugonjwa huo huweza kuacha sumu isiyokufa kwa moto. Na ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa, maziwa yake yasitumike mpaka siku alizotaja mtaalamu wa mifugo zimalizike. Mama mmoja alituuliza kwa nini maziwa yake yalikaa siku mbili bila kuganda. Tulimwuliza kama ng'ombe alikuwa ametibiwa. Alikuwa ametibiwa wiki hiyohiyo. Dawa iliyoua vijidudu vya kiwele ilikuwa bado imo katika maziwa, ikiua na vile vya mtindi.

Basi tuje kwenye mkate. Huu tunaouoka leo hauna hamira na hausubiri kuumuka. Si ugunduzi wetu. Huko Ireland, tangu katikati ya karne ya 19, watu maskini wa vijijini ambao hawakuwa na tanuri waliuoka kwa maziwa yaliyochacha na magadi soda, katika chungu kizito cha chuma kilichowekwa juu ya moto, na makaa mengine yakawekwa juu ya mfuniko. Mkiwaza jinsi mnavyooka keki ya sherehe kwa sufuria na mkaa, mtaona kwamba wale watu na ninyi mnafahamiana bila kuonana.

Siri yake ni hii. Magadi soda yakikutana na asidi ya mtindi hutoa gesi papo hapo, ileile inayotoka unapofungua chupa ya soda. Gesi hiyo ndiyo inayoinua unga. Tunasema magadi soda meupe ya unga yanayouzwa dukani kwa ajili ya kupikia. Msitumie magadi ya mawe tunayotia katika maharage. Ni makali mno, na mkate utakuwa na ladha ya sabuni.

Kwa mkate mmoja unahitaji nusu kilo ya unga wa ngano, yaani vikombe 4 vya robo lita, kijiko kimoja cha chai cha magadi soda kilichosawazishwa kwa kisu, chumvi kijiko kimoja cha chai, na mtindi kikombe kimoja na nusu. Mtindi ukiwa mzito sana ongeza maji kidogo. Ukipenda sukari, vijiko viwili vya chakula vinatosha. Mtu mwenye shinikizo la damu aache chumvi kabisa, kwa kuwa magadi soda nayo yana chumvichumvi ya aina yake.

Kabla hujagusa mtindi, washa moto na upashe sufuria. Hili watu hulidharau, nalo ndilo linaloharibu mkate kuliko yote. Gesi haikusubiri. Unga ukishalowa, ianze safari ya kwenda motoni ndani ya dakika chache, la sivyo gesi inatoka na mkate unabaki kama jiwe. Kwa hiyo: sufuria nzito yenye mfuniko bapa, ndani umepaka mafuta na kunyunyiza unga. Changanya vitu vikavu vizuri ili magadi yasibaki mabonge. Fanya shimo katikati, mimina mtindi wote kwa mara moja, koroga kwa mkono mmoja kwa kuzungusha vidole. Usikande kama chapati! Wapishi wetu hodari wa chapati ndio wanaopata taabu hapa, mikono yao haitaki kuacha. Unga ukishashikana, hata kama uso wake una vinundu, uache. Ufanye mviringo, utie katika sufuria, ukate msalaba juu kwa kisu mpaka karibu nusu ya kina chake ili moto ufike katikati.

Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Chini yakizidi, mkate unaungua kabla ndani haujaiva. Wengine hutia mchanga mkavu au vijiwe katika sufuria kubwa na kuweka ile ndogo juu yake, na hiyo ni njia nzuri. Baada ya dakika 35 funua. Huenda ukahitaji kufika dakika 45. Toa mkate, ugeuze, ugonge chini kwa kidole. Ukilia kama kitu kilicho wazi ndani, umeiva. Ukilia kimya kimya, urudishe. Kumbukeni tunategemea moto huu kuua vijidudu, kwa hiyo mkate mbichi katikati haufai kuliwa. Na jambo moja zaidi kuhusu mkaa: okeni nje au mahali penye hewa. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa na hawakuamka.

Mkate huu huliwa siku hiyohiyo au kesho yake. Baada ya hapo unakauka. Ndiyo maana wapo walioomba tuwaonyeshe mwingine, ule wenye uchachu kidogo na unaokaa. Huo ni rahisi pia, ila unataka usiku mmoja. Chukua nusu kilo ile ile ya unga, mtindi kikombe kimoja na robo, chumvi, na robo tu ya kijiko cha chai cha hamira. Changanya jioni, huu sasa ukande mpaka ulainike, funika, lala. Asubuhi umeumuka. Ukande tena kidogo, uache saa moja katika sufuria iliyopakwa mafuta, halafu oka kama ule wa kwanza.

Wengi wanadhani mtindi ndio unaoumua mkate huo. Hapana. Vijidudu vingi vya mtindi hutengeneza asidi bila gesi ya kutosha; vinatoa ladha, na vinasaidia mkate usiote ukungu upesi. Kazi ya kuinua ni ya hamira. Lakini ukibakiza donge la unga ulioumuka, kubwa kama ngumi, kabla ya kuoka, na kulichanganya katika unga wa kesho, hutahitaji kununua hamira kila mara. Hiyo ndiyo chachu. Yule mwanamke wa mfano wa Yesu aliyeificha chachu katika pishi tatu za unga hakuwa na pakiti ya hamira kutoka dukani. Alikuwa na donge kama hilo. Tena pishi tatu ni unga mwingi sana. Alikuwa akipikia watu wengi kuliko sisi. Donge linalotoka katika maziwa mabichi yaliyochacha msilitunze. Tunzeni lile lililokandwa kwa mtindi uliochemshwa.

Sasa hesabu, maana hatutaki kuwadanganya. Lita 6 zilizorudi ni mikate 16, na mikate 16 ni kilo 8 za unga. Hakuna nyumba hapa itakayooka hiyo yote kwa siku moja. Mkate mmoja au miwili unaokoa chini ya lita moja. Yanayobaki yapasheni moto taratibu mpaka yachemke na kukatika, myachuje kwa kitambaa safi. Mnapata jibini laini ya kulia ugali au ndizi, na yale majimaji yanayochuruzika nayo yana asidi na yanafaa kukandia mkate badala ya mtindi. Wanakikundi wanaoishi jirani wanaweza kupokezana: leo ndoo imerudi kwa huyu, kesho kwa yule, na unga ukachangwa.

Unga ndio gharama. Tanzania hununua nje sehemu kubwa ya ngano yake, na mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, wote tuliona bei ilivyopanda hata huku tusikoijua Ukraine iko wapi. Kwa mkate wa magadi soda mnaweza kuondoa robo ya ngano na kutia unga wa ulezi au mahindi yaliyosagwa laini. Mkate wa hamira haupendi hivyo, unahitaji ule mnato wa ngano. Unga wa muhogo unafaa pia, ila uwe wa muhogo uliolowekwa na kukaushwa sawasawa.

Kuna kikundi kilichotuuliza kama wauze. Ushauri wetu ni kwamba mkate wa maziwa mabichi yaliyorudi uliwe nyumbani, na wa kuuza ukandwe kwa mtindi uliochemshwa tu. Mnunuzi hakuona ng'ombe wako wala hakuona mikono yako. Na kabla ya kukopa katika mfuko wa kikundi kwa ajili ya biashara hiyo, okeni kwa mwezi mzima, mkiandika unga, mkaa na magadi mliyotumia kwa kila mkate. Mkaa ndio unaosahaulika katika hesabu za akina mama, kwa sababu mara nyingi umo jikoni tayari.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe mkate huu wala mtindi. Chakula chake ni ziwa la mama.

Tunaona makaa yamekwisha kushika kule nje. Wenye mtindi waulete, tuanze na sufuria ya mama huyu wa mbele, maana ndiyo nzito kuliko zote.