Imekaa na Nani? Klorini ya Mabwawa na Uainishaji wa Vioksidishi Jijini Nairobi



Mada niliyopewa ni pana: uainishaji wa hatari za kemikali za viwandani. Nitaibana. Nitazungumzia kemikali moja tu, kalsiamu hipokloriti, ile klorini ya unga inayotiwa kwenye mabwawa ya kuogelea kuanzia Lavington hadi Karen. Na sehemu kubwa ya saa yangu nitaitumia kwa kauli moja inayorudiwa jijini kana kwamba ni sheria ya maumbile: klorini haiungui, kwa hiyo si hatari ya moto.

Nimeisikia kwa mwenye duka River Road. Nimeisikia kwa wakala wa bima. Iliyonikera zaidi niliisikia kwenye mkutano wa wakazi wa jumba moja la ghorofa huku magharibi mwa jiji, pale mama mmoja alipouliza kwa nini madumu ya klorini yamewekwa stoo moja na petroli ya mashine ya kukata nyasi. Mhandisi wa jengo, mtu wa vyeti na uzoefu, alijibu kwamba yeye mwenyewe amewahi kuusogezea unga ule kiberiti na haukushika moto. Watu wakaridhika, wakaendelea na ajenda ya maegesho. Yule mama alikuwa ameuliza swali la kikemia lililo sahihi kabisa, akajibiwa kwa jaribio lisilohusiana nalo.

Tuanze kwa kumpa mhandisi haki yake. Kalsiamu hipokloriti haiungui. Haina kaboni wala haidrojeni ya kuunguza. Ukiipasha joto inavunjika, inabaki kloridi ya kalsiamu na oksijeni inatoka. Hapo ndipo kauli yake inapoporomoka. Moto unahitaji kitu cha kuungua, joto na oksijeni, na katika moto wa kawaida oksijeni inatoka hewani, ambamo ni asilimia 21 tu. Moto unaoanza ndani ya chumba kilichofungwa hufifia kwa sababu hewa inaisha. Kioksidishi hukiondoa kizuizi hicho. Kinauletea moto oksijeni yake chenyewe, tena iliyoshindiliwa.

Nipeni dakika moja ya hesabu. Dumu la kilo 45 lenye unga wa asilimia 70 lina takribani kilo 31 na nusu za hipokloriti halisi, yaani moli 220. Kila moli ikivunjika inatoa moli moja ya oksijeni. Sasa chukueni chumba cha mita 3 kwa 4, chenye dari ya mita 2 na nusu, hapa Nairobi ambako hewa ni nyepesi kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni yote iliyomo katika hewa ya chumba hicho ni takribani moli 215. Dumu moja, linalobebeka kwa watu wawili, limebeba oksijeni ya chumba kizima. Stoo za majumba yenye mabwawa huwa na madumu manne, matano.

Kuhusu mfumo wa uainishaji wenyewe sitawachosha. Wenzangu wa idara wanaujua kwa moyo. Kwa usafirishaji, vioksidishi viko Daraja la 5.1, kibandiko cha njano chenye mwali juu ya duara. Kwa mahali pa kazi kuna mfumo wa kimataifa uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, wenye makundi matatu ya vioksidishi vigumu, na hipokloriti yetu kwa kawaida huwekwa kundi la pili. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inadai vibandiko na karatasi za usalama. Yote hayo yapo.

Ninachotaka kuwafungulia ni kitabu ambacho wachache hukifungua: Mwongozo wa Majaribio na Vigezo wa Umoja wa Mataifa. Ni kitabu kikavu, na mimi nakipenda kuliko vitabu vingi vya kemia nilivyosoma, kwa sababu kila ukurasa wake unaonyesha watu waliofikiria kwa makini jinsi ajali inavyotokea. Tazameni jaribio linaloitwa O.1, la vioksidishi vigumu. Unachukua dutu yako na kuichanganya na selulosi kavu, yaani nyuzi zile zile za pamba, karatasi na mbao. Unatengeneza mchanganyiko wa aina mbili: sehemu nne za dutu kwa moja ya selulosi, kisha nusu kwa nusu. Gramu 30 za mchanganyiko zinamiminwa kama koni yenye kitako cha milimita 70, juu ya waya wa nikeli na kromu uliopindwa kitanzi. Unawasha stima, unashika saa ya kupimia, unahesabu koni inaungua kwa muda gani. Unarudia mara tano.

Halafu unalinganisha na nini? Na potasiamu bromati, ambayo waokaji wa nchi nyingi walikuwa wakiitia kwenye unga wa mkate hadi ilipotiliwa shaka kwamba inaweza kusababisha saratani. Bromati nayo inachanganywa na selulosi kwa viwango vitatu. Dutu inayoungua upesi kuliko mchanganyiko mkali wa bromati huingia kundi la kwanza, na nyingine hushuka kundi la pili au la tatu kwa kipimo hicho hicho. Baadaye waandishi waliongeza jaribio la O.3, ambalo linatumia kalsiamu peroksidi badala ya bromati na mizani badala ya saa. Lakini selulosi haikuondolewa.

Angalieni jambo ambalo waandishi hawa hawakulifanya. Hakuna mahali katika O.1 ambapo dutu inawashwa peke yake. Jaribio la kiberiti la mhandisi wetu halimo kitabuni kwa sababu halijibu lolote. Waandishi walijua kwamba hatari ya kioksidishi haikai ndani ya kioksidishi. Iko kati yake na kitu kilicho kando. Kuuliza kama klorini inaungua ni kuuliza swali la petroli kwa kitu kisicho petroli. Swali la kioksidishi ni hili: imekaa na nani?

Sasa njooni River Road. Klorini hufika madukani kwa dumu lenye kibandiko chote: duara na mwali, namba ya Umoja wa Mataifa 1748, maonyo yote. Lakini mteja wa bwawa dogo hataki dumu, anataka kilo mbili. Kwa hiyo dumu linafunguliwa, unga unachotwa kwa kopo na kupimwa kwenye mizani ya kaunta. Zamani ulitiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mifuko ya kubebea ya plastiki ikapigwa marufuku mwezi Agosti 2017, hatua ambayo niliiunga mkono na bado naiunga mkono. Baada ya hapo nimeona, kwa macho yangu, klorini ikitiwa kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, mdomo umekunjwa mara mbili na kubanwa kwa pini. Karatasi ni selulosi. Kibandiko kimebaki dukani, na mteja ameondoka na kioksidishi pamoja na nusu ya pili ya jaribio la O.1, akaviweka kwenye buti la gari, jua la saa saba, akielekea Kangemi kupitia Waiyaki Way.

Stoo moja ya Lavington niliyoalikwa kuikagua bado naikumbuka harufu yake. Ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya bwawa, joto kama la tanuri. Dumu la klorini lilikuwa wazi, kifuniko kimeinuliwa na kuegeshwa ukutani, na kingo za unga zilikuwa zimeganda kwa unyevu. Kopo la kuchotea lilikuwa la bati, limeanza kupata kutu, na ndani yake mlikuwa na matone ya maji. Juu ya dumu, kwenye rafu ya mbao, kulikuwa na mtungi wa asidi ya hidrokloriki, ile ya kusugulia vigae, na chini ya mtungi rafu ilikuwa imeliwa na kubadilika rangi. Kando yake kulikuwa na ndoo ya vidonge vya klorini vya aina nyingine, jamii ya triklori. Na juu ya dumu lenyewe, kama kitambaa cha meza, kulikuwa na tambara la kufutia mashine, limelowa grisi. Kijana wa bwawa alikuwa mtu makini. Alivaa glavu. Alijua kwamba klorini inatiwa kwenye maji na si maji kutiwa kwenye klorini. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba asidi ile ikidondoka mle dumuni itatoa gesi ya klorini, au kwamba klorini za aina mbili zikichanganyika na kupata unyevu zinaweza kulipuka, au kwamba tambara la grisi lingetosha peke yake.

Nje ya mlango, kwenye msumari, ulining'inia mtungi mwekundu wa kuzimia moto, umekaguliwa na una tarehe. Ulikuwa wa poda. Hapa nawaomba wenzangu wa zimamoto wanisikilize. Poda na hewa ukaa huzima kwa kuukosesha moto hewa, au kwa kuuvuruga. Moto wenye oksijeni yake hauna haja na hewa ya chumba. Isitoshe, poda nyingi za matumizi ya jumla zina fosfati ya amonia, na misombo ya amonia ikikutana na hipokloriti hutengeneza kloramini, mojawapo ikiwa naitrojeni trikloridi, ambayo ni kilipuzi. Kinachofaa ni maji, na yawe mengi mno, kutoka mbali. Maji kidogo ni hatari, maji tele ni tiba. Ndoo moja ya mlinzi ingeongeza tatizo.

Mtu ataniuliza: basi kama hakuna tambara wala asidi, tuko salama? La. Hipokloriti huvunjika polepole hata ikikaa peke yake, na katika kuvunjika hutoa joto. Kwenye kopo dogo joto hilo hutoka. Kwenye rundo kubwa hubaki katikati, kama samadi mbichi inavyofukuta ndani huku juu ikiwa baridi. Ndiyo maana kati ya mwaka 1997 na 1999 meli kadhaa za kontena zilishika moto au kulipuka zikiwa na shehena hii. Mojawapo, Aconcagua, ililipuka Desemba 1998, na kesi yake ilifika mahakama za Uingereza. Kontena lilikuwa limepangwa jirani na tangi la mafuta ya meli, na tangi likapashwa joto safarini. Mahakama iliona kwamba shehena yenyewe ilikuwa na kasoro, nami silipingi hilo. Hata hivyo siwezi kuusoma mpangilio ule bila kuuliza swali langu lile lile. Beirut nako, tarehe 4 Agosti 2020, zile tani 2,750 za amoniamu nitrati zilizoletwa na meli iliyokuwa ikielekea Beira, huku kwetu mashariki mwa Afrika, zililipuka moto ulipozifikia, baada ya kukaa miaka ghalani. Nitrati haikuanzisha moto ule.

Kuna wanaosema nakuza mambo, na hoja yao ina uzito. Klorini ndiyo inayotukinga na kipindupindu. Mji huu hunywa maji yaliyotiwa klorini, na mtu anayewatishia watu kuhusu klorini mpaka waiogope anaweza kuua wengi kuliko stoo zote za Lavington. Nakubali. Wengine, na hawa ni marafiki zangu, wanasema dawa ni mafunzo: kijana wa bwawa apewe semina, vibandiko viandikwe kwa Kiswahili, wauza rejareja wapewe leseni. Hayo yote nayataka. Nimeendesha semina hizo na nitaendelea. Lakini kijana huyo hubadilishwa kila kampuni ya usafi inapobadilishwa, na kibandiko huishia dukani pamoja na dumu. Wanasema pia kwamba ardhi ya Kileleshwa ni ghali na hakuna mwenye nyumba atakayetoa nafasi. Nimelipima hilo kwa muda mrefu, nikakaa na wasanifu wa majengo, nikasikiliza bei zao.

Bado nasimama nilipokuwa. Klorini ipewe chumba chake. Mita mbili za mraba zinatosha. Kisiwe cha chini ya ardhi wala chini ya ngazi. Ukuta wa mawe, paa lenye kivuli, matundu ya hewa juu na chini, mlango unaofunguka nje. Rafu isiwe ya mbao. Kopo liwe la plastiki, kavu, na lisitoke humo. Kisiwemo pampu, asidi, rangi, petroli, vidonge vya triklori wala tambara. Ukuta haubadilishwi na kampuni ya usafi. Mtu asiyejua kusoma kibandiko hawezi kuweka asidi juu ya klorini kama asidi haina njia ya kuingia. Ningependa Kaunti ya Jiji la Nairobi isiidhinishe mchoro wa jengo lolote lenye bwawa bila chumba hicho kuonekana kwenye mchoro, na wakala wa bima aombe kukiona kabla ya kuandika sera.

Wanafunzi wa mwaka wa nne wamechora ramani mbili za chumba hicho, moja ya jengo jipya na nyingine ya kuongezea kwenye jengo lililopo, pamoja na orodha ya vifaa. Nakala ziko mezani hapo mlangoni. Kila mwenye bwawa achukue moja, na mwenye swali kuhusu stoo yake abaki. Nitakuwa hapa mpaka ukumbi ufungwe.