Hotuba ya Katibu: Kodi ya Duka Letu la Mtandaoni



Tulipoanza kuuza kahawa ya kusagwa kwa mtandao kutoka hapa Mwanjelwa, tulidhani kazi ni kufunga pakiti na kuwahi basi la Dar es Salaam. Mauzo yakakua. Sheria humpasa mfanyabiashara kujiandikisha kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile iliyoshika nafasi ya kodi ya mauzo mwaka 1998, mauzo yake ya miezi 12 yafikapo shilingi milioni 200. Kabla ya Julai 2023 zilikuwa milioni 100. Nasi tulipofika, tulijiandikisha.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni haki yenu kusikia. Mwaka 2024 kodi ilikuwa asilimia 18. Pakiti ya shilingi 10,000 tuliiuza 11,800. Zile 1,800 hazikuwa zetu. Mnunuzi alitukabidhi tuzifikishe Serikalini, tukiisha kutoa kodi tuliyolipia mifuko. Lakini fedha zote ziliingia akaunti moja, nasi tukawalipa wakulima malipo ya awali kutoka humo, tena kwa furaha. Ilipokaribia tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu na kulipa, akaunti ilikuwa tupu. Halmashauri ikakopa, na riba ikatoka katika bonasi yenu.

Tangu mwezi ule kodi hutengwa kila jioni katika akaunti ya pili, ambayo Katibu peke yake hawezi kuigusa. Daftari lake lipo mezani kwa Mweka Hazina. Atakaye alitazame kabla ya chakula.